Mhandisi wa mahitaji: mtu anayeuliza kabla programu haijaandikwa

Katika uhandisi wa programu za kompyuta kuna fani ambayo kazi yake kuu ni kuuliza maswali, kusikiliza majibu na kuyaandika kwa usahihi. Yaliyotokea mjini London mwaka 1992 yanaonyesha kwa nini fani hiyo ina ngazi zake za ujuzi, na ni hatari gani hutokea kazi hiyo inapofanywa kwa haraka na watu wasio na uzoefu wa kutosha.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 26 Oktoba 1992, idara ya magari ya wagonjwa ya London ilianza kutumia mfumo mpya wa kompyuta wa kupokea simu za dharura na kuyaelekeza magari. Kabla ya siku hiyo, kazi ilifanyika kwa karatasi. Aliyepokea simu aliandika maelezo kwenye fomu, fomu ikasafirishwa juu ya ukanda wa mashine hadi kwa watumishi wengine, nao wakachagua gari na kuwaarifu madereva kwa simu au redio.

Mfumo mpya ulikusudiwa kuondoa karatasi hizo zote. Kompyuta ingejua kila gari liko wapi, ingechagua lililo karibu na mgonjwa, na kutuma maagizo moja kwa moja kwenye kioo kidogo kilichofungwa ndani ya gari.

Siku iyo hiyo mambo yakaanza kwenda mrama. Kompyuta ilipoteza habari za mahali yalipokuwa magari. Tukio moja likatumiwa magari mawili, huku wagonjwa wengine wakisubiri muda mrefu bila kupata hata moja. Waliosubiri wakapiga simu tena, na kila simu mpya ikaongeza mzigo kwenye mfumo uliokwisha kulemewa. Arifa za makosa zikajaa kwenye vioo vya kompyuta kiasi kwamba zile za maana zilipita bila kuonekana. Kufikia tarehe 27 Oktoba ilibidi sehemu ya kazi irudishwe mikononi mwa watu, na tarehe 4 Novemba mfumo ukazimika kabisa. Watumishi wakarejea kwenye karatasi.

Wakati huo kulikuwa na madai katika vyombo vya habari kwamba watu walipoteza maisha kutokana na ucheleweshaji huo, ingawa uchunguzi haukuthibitisha kuwa kuna kifo kilichosababishwa na mfumo wenyewe. Mkuu wa idara alijiuzulu.

Kompyuta ilifanya ilichoambiwa

Ripoti ya uchunguzi ilitolewa Februari 1993, na ndani yake mlikuwa na jambo lililowashangaza wengi. Kuzimika kwa tarehe 4 Novemba kulitokana na kosa la mwandishi wa programu, lakini katika zile siku mbili za mwanzo, tarehe 26 na 27 Oktoba, kompyuta haikuharibika kwa maana ya kiufundi. Kwa jumla ilifanya kile ilichobuniwa kukifanya. Kasoro ilikuwa katika ubunifu wenyewe.

Mfumo ulijengwa kwa kudhani kwamba habari kuhusu kila gari zingekuwa sahihi wakati wote. Lakini mawasiliano ya redio hayakufika kila pembe ya jiji. Madereva na wauguzi wa magari, wakiwa katika harakati za kuokoa maisha ya mtu, hawakubonyeza vitufe kila mara kwa mpangilio uliotakiwa, na wakati mwingine walichukua gari jingine badala ya lile walilopangiwa. Binadamu huweza kufahamu hali kama hiyo na kuirekebisha. Mfumo haukuwa umeandaliwa kwa hilo.

Wachunguzi walibaini kuwa wafanyakazi wa magari hawakushirikishwa vya kutosha wakati wa kuandika maelezo ya mfumo uliotakiwa. Ratiba ilibana mno, majaribio hayakukamilika, na kampuni iliyopewa kazi haikuwa na uzoefu wa mifumo ya aina ile. Kwa maneno mengine, kosa kubwa lilikwisha kufanyika kabla mstari wa kwanza wa programu haujaandikwa.

Mahitaji ni nini?

Hapo ndipo anapohitajika mhandisi wa mahitaji. Kwa lugha ya fani hii, hitaji ni jambo ambalo mfumo unatakiwa ulifanye, au sifa ambayo unatakiwa uwe nayo, ili umfae anayeutumia na anayeugharimia. Wataalamu hugawa mahitaji katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mahitaji ya utendaji, yaani kazi zenyewe: kupokea simu, kutafuta gari, kutuma ujumbe. La pili ni mahitaji ya ubora, kama vile kasi, usalama, na uwezo wa kuendelea kufanya kazi sehemu moja inapoharibika. La tatu ni mipaka ambayo mradi hauwezi kuivuka, mathalani sheria za nchi, bajeti, au mitambo iliyokwisha kununuliwa.

Kundi la pili ndilo huwashinda wengi. Mteja akisema anataka mfumo wa haraka, mwandishi wa programu hana la kupima. Mhandisi wa mahitaji humuuliza: haraka kiasi gani, kwa simu ngapi kwa saa, na iwapo mtandao wa redio umekatika itakuwaje? Jibu likishaandikwa kwa tarakimu linaweza kujaribiwa. Lisipoandikwa, kila upande hubaki na tafsiri yake hadi siku ya kuzindua mfumo, ambapo tofauti hizo hujitokeza mbele ya watu wote.

Mwaka 1987 mtaalamu wa Kimarekani Frederick Brooks, aliyewahi kuongoza miradi mikubwa katika kampuni ya IBM, alieleza kuwa sehemu ngumu kuliko zote katika kujenga programu ni kuamua kwa usahihi kitu gani kijengwe. Miaka sita kabla yake, Barry Boehm alikuwa ameonyesha kuwa katika miradi mikubwa gharama ya kurekebisha kosa la mahitaji baada ya mfumo kuanza kutumika yaweza kufikia mara 100 ya gharama ya kulirekebisha mwanzoni. Watafiti waliofuata wamebishana kuhusu kiwango hicho, lakini wazo lenyewe linafahamika vyema kwa Waswahili: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ujuzi wa kusikiliza

Mtu anayetaka kazi hii hutarajiwa kuwa na ujuzi wa aina nne. Kwanza ni kuyapata mahitaji kutoka kwa wahusika. Pili ni kuyaandika kwa njia isiyo na utata. Tatu ni kuyahakiki na kuwapatanisha wanaotofautiana. Nne ni kuyasimamia yanapobadilika, kwani hapana mradi ambao mahitaji yake hubaki vilevile tangu mwanzo hadi mwisho.

Bodi ya Kimataifa ya Uhandisi wa Mahitaji, IREB, iliyoundwa mwaka 2006 na yenye makao yake nchini Ujerumani, iliwahi kuorodhesha katika muhtasari wake wa mafunzo sifa saba za mtu anayefaa: kufikiri kwa uchambuzi, kuelewa hisia za wengine, kuwasiliana, kutatua migogoro, kuongoza mazungumzo, kujiamini, na uwezo wa kushawishi. Msomaji ataona kuwa uandishi wa programu haumo katika orodha hiyo. Mhandisi wa mahitaji anapaswa kuielewa teknolojia kiasi cha kujua linalowezekana na lisilowezekana, lakini sehemu kubwa ya kazi yake huifanya akiwa na watu.

Kazi hiyo ina ugumu wake. Profesa Noriaki Kano wa Japani alieleza mwaka 1984 kuwa zipo sifa za bidhaa ambazo wateja huziomba waziwazi, zipo ambazo huwafurahisha bila wao kuzitazamia, na zipo ambazo huzichukulia kuwa za lazima na kwa hiyo hawazitaji kabisa. Hizi za mwisho ndizo za hatari. Mtumishi aliyezoea kuona kwa macho yake kwamba fomu mbili zinahusu ajali moja hafikirii kuwa jambo hilo linahitaji kutajwa. Kwake ni sawa na kusema maji hulowanisha. Asipoulizwa, halitaandikwa, na lisipoandikwa, kompyuta haitalijua.

Kwa sababu hiyo mhandisi mzoefu hategemei mahojiano peke yake. Hukaa kando ya wafanyakazi na kuwatazama wakiwa kazini. Huitisha warsha zinazowakutanisha mkubwa na mdogo. Husoma fomu za zamani pamoja na maandishi ya kalamu yaliyoongezwa pembeni. Hutengeneza vielelezo vya karatasi au vya kioo na kumwomba mtumiaji avijaribu, kwa sababu watu wengi hutambua wanachokihitaji pale wanapokiona kile wasichokihitaji.

Somo kutoka Kenya

Mfano mwema wa kutazama na kusikiliza unatoka Afrika Mashariki. Mwaka 2005 kampuni za Vodafone na Safaricom zilianza nchini Kenya majaribio ya huduma ya fedha kwa simu za mkononi, kwa msaada wa fedha kutoka serikali ya Uingereza. Nia ya awali ilikuwa kuwawezesha wateja wa taasisi ya mikopo midogo midogo kupokea na kulipa mikopo yao kwa simu.

Majaribio yalihusisha mamia machache tu ya wateja, lakini yalifichua mambo ambayo hayakuwamo katika mpango. Watu walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliweka fedha katika simu kabla ya kusafiri, wakazitoa walipofika salama. Wakati huo huo, kuulinganisha mfumo huo na vitabu vya hesabu vya taasisi ya mikopo kulikuwa na matatizo mengi.

Waliosimamia mradi wangeweza kushikilia hati yao ya mwanzo. Badala yake walikubali ushahidi waliouona. Huduma ilipozinduliwa kwa umma mwezi Machi mwaka 2007 kwa jina la M-Pesa, msingi wake ulikuwa kutuma fedha nyumbani, na ulipaji wa mikopo haukuwa tena shabaha kuu. Mamilioni ya watu waliitumia katika miaka michache iliyofuata.

Kuandika pekee hakutoshi

Wako wanaodhani kuwa dawa ya matatizo haya ni hati ndefu. Yaliyolipata Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, yanaonyesha vingine. Mradi wake wa mfumo wa kuhifadhi majalada ya kesi ulikuwa na hati ya mahitaji yenye zaidi ya kurasa 800, na bado mahitaji yaliendelea kubadilika huku ujenzi ukiendelea. Mwaka 2005 mradi huo ulitupiliwa mbali baada ya kugharimu takriban dola milioni 170. Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria alitaja mahitaji yasiyofafanuliwa vyema kuwa miongoni mwa sababu.

Na hata hitaji lililoandikwa sawasawa linahitaji mtu wa kulifuatilia. Tarehe 23 Septemba 1999 shirika la anga za juu la Marekani, NASA, lilipoteza chombo chake cha Mars Climate Orbiter kilipokuwa kikiwasili kwenye sayari ya Mars. Maelezo ya mradi yalitaka vipimo vya mfumo wa metriki, lakini programu moja ya ardhini ilitoa takwimu zake kwa vipimo vya Kiingereza. Hitaji lilikuwapo katika karatasi. Aliyekosekana ni mtu aliyehakikisha kuwa limetekelezwa. Chombo chenyewe kiligharimu dola milioni 125.

Sheria nayo ni hitaji. Mwezi Oktoba mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa utoaji wa kadi za Huduma ulikiuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa faragha za wananchi. Tanzania ilipitisha sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, na katika nchi za Umoja wa Ulaya kanuni za aina hiyo zimekuwa zikitumika tangu mwaka 2018. Mhandisi wa mahitaji hana budi kuzijua sheria hizo, au walau kumjua mwanasheria wa kumwuliza, mapema kabla fedha hazijatumika.

Ngazi za ujuzi

Je, mtu hupimwa vipi kuwa ameiva katika kazi hii? Mojawapo ya vipimo vinavyotumika ni mwongozo wa stadi za teknolojia ya habari uitwao SFIA, ulioanzia Uingereza mwaka 2000 na ambao sasa unatumika katika nchi nyingi. Mwongozo huo una ngazi saba za wajibu. Stadi ya kubainisha na kusimamia mahitaji huanzia ngazi ya pili na kukomea ya sita.

Katika ngazi ya pili mtu ni msaidizi. Huandika kumbukumbu za mikutano, hupanga majibu ya wahusika na hufanya kazi chini ya uangalizi. Katika ngazi ya tatu hukabidhiwa mabadiliko madogo na kuyashughulikia mwenyewe kwa njia zilizokubalika. Wa ngazi ya nne hubeba miradi ya ukubwa wa kati na huchagua mbinu inayofaa. Wa ngazi ya tano hupanga na kuongoza kazi ya mahitaji katika miradi mikubwa yenye wadau wengi wanaovutana. Wa ngazi ya sita huweka sera na viwango vya shirika zima.

Kinachopanda kutoka ngazi moja hadi nyingine ni uzito wa maamuzi ambayo mtu anaweza kuaminiwa nayo. Msaidizi akikosea katika kuandika kumbukumbu, mkubwa wake atasahihisha. Lakini mtu wa ngazi ya tano ndiye anayetakiwa kumwambia mkurugenzi kwamba tarehe aliyoitangaza haiwezekani, au kwamba madereva hawajaulizwa. Hapo ndipo sifa ya kujiamini hupata maana yake. Mradi wa London wa mwaka 1992 ulikuwa wa ngazi hiyo ya juu, na ulihitaji mtu wa kusema hivyo na kusikilizwa.

Vipo pia vyeti. Bodi ya IREB hutoa cheti cha msingi kwa wanaoanza, kisha vya ngazi ya juu katika matawi kama ukusanyaji, uchoraji wa vielelezo na usimamizi wa mahitaji, na hatimaye cha ubingwa. Taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara, IIBA, iliyoanzishwa nchini Kanada mwaka 2003, ina vyeti vyake vinavyopanda kwa kadiri ya uzoefu. Kwa upande wa uandishi wa hati zenyewe, kipo kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO/IEC/IEEE 29148, kilichotolewa mwaka 2011 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018. Hata hivyo, cheti huonyesha kuwa mtu anazijua kanuni. Kama anaweza kukaa na muuguzi aliyechoka saa nane za usiku na kumfanya aeleze kazi yake ilivyo kweli, hilo huonekana kazini.

Mlango wa kuingilia

Jina la kazi hii hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Matangazo ya ajira aghalabu humwita mchambuzi wa biashara au mchambuzi wa mifumo, na katika timu zinazojenga programu kwa awamu fupi fupi, sehemu ya kazi hiyo hufanywa na yule aitwaye mmiliki wa bidhaa. Hati huwa fupi zaidi huko na mazungumzo huwa mengi, lakini maswali ni yale yale.

Si wote walioko katika fani hii waliosomea kompyuta. Muuguzi, mhasibu, mwalimu au karani wa bandari anayeifahamu kazi yake kwa undani huwa tayari ana nusu ya ujuzi unaotakiwa, yaani anajua mambo ambayo watu wa kazi ile hawayataji. Anayebaki nayo kujifunza ni namna ya kuyaandika na kuyapima. Na aliyezoea kukalimani baina ya lugha mbili, kama walivyo Waswahili wengi wanaoishi ughaibuni, anajua jinsi neno moja linavyoweza kueleweka kwa njia mbili na wote wawili wakadhani wamekubaliana.

Siku hizi programu za akili mnemba zinaweza kuandika rasimu ya hati ya mahitaji kwa dakika chache. Zinasaidia katika kupanga maneno na kutambua mambo yanayopingana. Lakini programu ya namna hiyo huandika kutokana na kile ilichopewa, na fomu mbili za ajali moja hazitatokea katika rasimu kama hakuna aliyekwenda kuziona mezani.

London yenyewe ilijifunza. Mfumo mwingine wa kuelekeza magari ya wagonjwa ulianza kutumika mwaka 1996, ukiingizwa hatua kwa hatua, huku watumishi waliotarajiwa kuutumia wakishirikishwa katika kuuandaa. Haukuzimika kama ule wa kwanza. Safari hii waliokaa mbele ya vioo vya kompyuta walikuwa wameulizwa kwanza, na kama wasemavyo wahenga, kuuliza si ujinga.